Seba, usimpeleke kijana Rujewa mwaka 2034

Seba ndugu yangu,

Salamu nyingi, zilizobaki nitazileta mwenyewe. Huku wazima, mama bado analalamikia mguu. Nimekaa kimya mno na sina la kujitetea, lakini jana Mudi kanipa habari ikanitoa usingizi: eti umemwahidi mwanao kwamba mwaka 2034, akifikisha miaka 18, utampeleka Rujewa, kule Mbeya, akaone jua likipatwa na kubaki pete, ile tuliyoikosa sisi. Jamani Seba! Hilo neno nilikutia mimi kichwani, na si kweli.

Unakumbuka tarehe 1 Septemba 2016? Basi limekufa, dereva yuko chini yake, na ilipokaribia saa sita mchana wenzetu Rujewa wakaitazama pete kwa dakika kama 3, sisi kando ya barabara tunanyang'anyana miwani moja kutazama jua lililobaki kama ukucha. Ulinuna, nami nikakufariji: "Usijali, kila baada ya miaka 18 inarudi." Nilikuwa nimesoma mahali, nikaishia katikati.

Mzunguko wenyewe upo, unaitwa Saros, na Wababeli wa kale waliujua. Kwa kawaida mwezi unapoandama hupita juu kidogo au chini kidogo ya jua, kwa sababu njia yake imeinama digrii 5 hivi, na kivuli chake kinaikosa dunia. Ili jua lipatwe, mwezi lazima uandame ukiwa karibu na pale njia yake inapokatana na njia ya jua. Sasa, ukihesabu miandamo 223, mwezi unarudi karibu palepale, tena ukiwa na umbali uleule kutoka kwetu, yaani machoni una ukubwa uleule, ndiyo maana safari hii ikiwa pete, ijayo nayo huwa pete. Mpaka hapo sikukudanganya.

Lakini miandamo 223 ni miaka 18, siku 11 na saa 8. Siku 11 si kitu, unasogeza tarehe tu. Hizo saa 8 ndizo zilizotuponza! Ndani ya saa 8 dunia imeshajizungusha theluthi nzima zaidi, kwa hiyo kivuli kinaangukia mbali sana magharibi. Pete yetu itarudi kweli tarehe 12 Septemba 2034, ila huko Amerika Kusini, Chile na Bolivia. Wewe na kijana mtakuwa mmesimama Rujewa, jua limeshazama, mnaulizana mmefuata nini.

Ukitaka irudi upande wetu wa dunia, subiri mizunguko 3, hizo saa 8 zitimie siku nzima: miaka 54 na mwezi na kitu. Yaani Oktoba 2070, na hata hapo kivuli kitakuwa kimesogea kusini zaidi. Kijana atakuwa na miaka 54. Umri wako sitaki kuuhesabu.

Sasa usichane barua. Kuna tukio la karibu la jua kupatwa: Jumatatu, tarehe 2 Agosti 2027. Hili ni la ukoo mwingine, yaani mfululizo mwingine wa Saros, ulioanza mwaka 1360 na utakaokwisha 2622. Jua litafunikwa lote kuanzia Hispania, kupitia Afrika Kaskazini na Saudia hadi Somalia, na pale Luxor, Misri, giza litazidi dakika 6. Sisi tutapata kipande, mchana, na aliye kaskazini zaidi ataona limemegwa zaidi. Na angalia hesabu inavyokubali: ukoo huuhuu ulipita kaskazini mwa Kenya, huko Turkana, tarehe 30 Juni 1973. Ongeza miaka 54 na siku 33. Nimeirudia mara tatu kwa sababu siku hizi sijiamini.

Kipande tu, najua. Lakini kipande nacho kina raha yake. Ile siku, ulipokuwa unagombana na kondakta, mimi nilikaa chini ya mti, na kila tundu la mwanga katikati ya majani lilikuwa limechora ukucha wa jua ardhini, mamia kwa mamia. Nilikuita, hukusikia. Au ulisikia ukapuuza, yote yanawezekana.

Miwani ndiyo inayonisumbua. Wa Luxor wataivua zile dakika za giza, sisi wa kipande hatuivui hata sekunde moja, na ukimwona Mudi na mkanda wa eksirei mnyang'anye. Ile ya 2016 ilibaki kwako au kwake? Ina mikwaruzo? Ikiwa nayo, itupe. Shomari bado anataka kuja, au amekasirika moja kwa moja? Siku hiyo utapata ruhusa kazini? Na kijana, utamwambia wewe, au nije nimwambie mimi niliyeharibu?

Wako,
mwenye miwani moja