Mafundi wenzangu, tukatae kazi za gobore

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na mafundi wenzangu wa kukereza na kuchomelea, wauza vyuma chakavu, na vijana wanaotufuata karakana jioni na vipande vyao kwenye kiroba. Mimi ni fundi wa kukereza vyuma hapa Tunduru kwa zaidi ya miaka 35. Nimechonga bushi za mashine za kusaga, ekseli za mikokoteni, na pini za matrekta nisizoweza kuzihesabu. Gobore sijachonga wala sitachonga, na sababu yake nataka kuieleza.

Mwezi uliopita alikuja kijana wakati nimeshazima mashine nafagia.

“Shikamoo fundi.”

“Marahaba, karibu.”

Akafungua kiroba, akatoa bomba la maji, springi ya kitu nisichokijua na kipande cha bapa. Akataka nimchongee kizibo cha kuingia nyuma ya bomba, kwa kipimo alichokichora kwa kalamu kwenye kiganja.

“Cha nini?”

“Cha baiskeli, fundi.”

“Baiskeli gani hiyo, mwanangu?”

Akainama. Baadaye akasema ukweli: nguruwe pori wamemaliza muhogo wa mama yake, usiku wa tatu mfululizo, na kuna mtu kijijini amemwambia akipata bomba nzuri na fundi mzuri, gobore linakamilika kwa siku mbili. Zaidi ya kizibo, alitaka kwangu ushauri, bomba lipi ni nzuri na msumeno upi wa kununua.

Sikumfukuza. Nilichukua lile bomba, nikakata pete ya upana wa kidole, nikaibana kwenye jiliwa na kuanza kukaza pole pole. Nilimwambia aweke macho hapo. Pete ikabonyea, ikawa kama yai, halafu ikalia tak! ikafunguka. Nikampa aishike. Ilikuwa imepasuka kwenye mstari mmoja ulionyooka, kama nguo iliyofumuka pindo. Bomba la maji la dukani huwa ni bati nene lililokunjwa na kuunganishwa kwa moto urefu wote, na lina mshono hata kama jicho halioni. Limeundwa libebe maji. Baruti haisukumi kama maji.

Kwa nini nayajua haya? Mjomba wangu, aliyenifundisha kazi, alikuwa mhunzi. Nilimvutia mivukuto tangu nikiwa na miaka kumi. Mwaka 1984 aliunda gobore kwa bomba alilolitoa kwenye pampu ya kisima iliyokufa. Alilichagua mwenyewe, alilipiga kwa nyundo na kulisikiliza, akasema hili ni chuma hasa. Hakuna mtu kijijini kwetu aliyekuwa na mkono kama wake. Alilifyatua mara tatu au nne likamtii. Mara ya tano lilifunguka mkononi. Alipoteza kidole gumba na viwili vinavyofuata vya mkono wa kushoto, na jicho la upande huohuo.

Mtu asiye fundi ataona amebaki na mkono wa kulia, kwa hiyo kazi inaendelea. Lakini tupa, ile ya kusugulia chuma, hushikwa kwa mikono miwili. Wa kulia unasukuma mpini, wa kushoto unaikalia ncha kwa mbele ili isiyumbe, na bila huo wa mbele kila uso unaousugua unakuwa mviringo. Mjomba alijaribu miezi mingi. Alijifunga kitambaa, akabana ncha ya tupa kwa kiganja kisicho na kidole gumba, ikawa inamponyoka. Kuanzia hapo alinifundisha kwa mdomo, amekaa kwenye gogo, akisikiliza mlio wa tupa yangu na kuniambia, “Umeinua kushoto.” Hakuwahi kukosea. Alikufa bila kushika tupa tena.

Kwa hiyo vijana wanaponiuliza kifaa gani na spea ipi, nawajibu kwamba swali lenyewe limekosewa. La kuuliza ni nani ameupima mtutu. Babu yangu alikuwa na gobore lililotoka Kilwa Kivinje, zama zile Wayao walipokuwa wakishusha pembe, na watu pia, Mungu atusamehe, na kurudi na nguo, baruti na bunduki. Baba alilirithi, akalikatia leseni, na mwaka 1979 akalipeleka polisi mwenyewe. Kabla hajalipeleka nililisafisha. Kwenye mtutu, karibu na kitako, palikuwa na alama ndogo zilizogongwa: taji na fimbo mbili zilizopishana. Nilikuja kuelewa miaka mingi baadaye kwamba hiyo ni muhuri wa nyumba ya kupimia mitutu ya Birmingham, Uingereza, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1813. London walikuwa wakipima tangu 1637. Mtutu hutiwa baruti kuliko kiasi chake, hufungwa mahali, mtu hukaa mbali, hulipuliwa. Ukipona unagongwa muhuri. Ukipasuka, umepasukia pale, si usoni kwa mtu.

Mjomba alikuwa na jicho, sikio na mkono. Kipimo hicho cha mtutu hakuwa nacho, nami sina, na hakuna karakana wilayani iliyo nacho. Hata ukininunulia mashine mpya ya kukereza kesho, kipimo hicho bado sitakuwa nacho. Anayekwambia “hili nimelijaribu” ana maana kwamba halijapasuka bado.

Kuna wanaosema gobore ni mali ya asili yetu, ndilo lililowapiga Wajerumani kwenye Maji Maji. Waliopigana 1905 hadi 1907 nawaheshimu, na nchi hii ya Ruvuma imejaa makaburi yao. Lakini tukumbuke kwa nini walikuwa na magobore. Mkataba wa Brussels wa 1890 uliwakataza wafanyabiashara kuleta bunduki za kisasa kwenye sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mlango kwa zile za kuwashwa kwa cheche za jiwe na baruti ya kawaida. Mabaki ambayo Wazungu waliyaona hayawatishi ndiyo waliyotuachia. Sioni kwa nini leo mtoto wa Tunduru aendelee kuyaunda na kuyalipia kwa vidole vyake.

Sasa nije kwenye sheria, kwa sababu mafundi wengi tunajidanganya hapa. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kibali kwa anayetengeneza na anayekarabati pia. Wenzangu husema, “Mimi nimechomelea kakipande tu, gobore kaunganisha yeye.” Kakipande hako ukijua kanakwenda wapi, umo ndani. Na hata polisi wasipokujua, wewe utamjua aliyeumizwa na kazi yako siku utakapomwona sokoni ana bandeji.

Umoja wa Afrika uliutenga mwezi wa Septemba kuwa mwezi wa kusalimisha silaha, na Serikali yetu imekuwa ikitangaza msamaha kwa anayesalimisha kwa hiari. Jambo jema. Lakini matangazo yote niliyoyasikia yanamsemesha mwenye gobore. Hayamsemeshi fundi, na fundi ndiye anayejua mapema kuliko mwenyekiti, mtendaji na polisi, kwa kuwa kazi hupita kwake ikiwa bado ni bomba na springi. Naomba safari ijayo mafundi na wauza chuma chakavu tuitwe, tukae na watu wa wilaya, tuambiwe tufanye nini kijana akija. Mimi nilibuni tu la kufanya.

Na hao nguruwe pia wasemwe. Kifuta jasho, yaani malipo ya Serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama, tunakisikia tembo wakipita. Nguruwe pori na ngedere wakimaliza shamba la mjane, anaambiwa alinde. Alinde na nini? Ukimnyang’anya gobore bila kumjibu swali hilo atarudi kwa fundi mwingine. Yule kijana nilimtengenezea kengele sita za madebe na waya wa kuzungushia shamba, bila malipo, na wazazi wa mtaani kwao wamepanga zamu ya kulinda usiku. Kwa wiki tatu sasa wanaokoa kiasi. Nguruwe ni wajanja, watazizoea, na hapo ndipo tutakapomhitaji afisa wanyamapori aje na bunduki yake ya halali, iliyopimwa.

Bomba lake alikataa kuondoka nalo. Pete iliyopasuka nimeiacha imebanwa kwenye jiliwa langu dogo la karibu na mlango, na vijana wawili wameshaiona tangu hapo.

Wako,
Fundi wa kukereza vyuma,
Tunduru, Ruvuma