Kabla hujaulizia dawa mpya ya baridi yabisi

Wateja wetu wenye baridi yabisi, hasa kina mama, siku hizi wanakuja kwenye duka letu la dawa na picha kwenye simu. Ni sindano fulani. Ndugu aliyeko Muscat au Uingereza kaituma na kusema imemsaidia. "Mnayo? Bei gani?" Sisi kabla ya bei tunauliza: methotrexate, vile vidonge ulivyoanzishiwa kwanza, unaimezaje?

Hapo ndipo mambo hujitokeza. Yupo anayeimeza siku mikono ikimuuma tu. Yupo aliyeiacha wiki ya tatu kwa kuwa asubuhi vidole bado vilikuwa havikunji, na dawa hii huchukua wiki 6 hadi 12 kuonyesha kazi yake. Wengine walianzishiwa vidonge vitatu vya miligramu 2.5 kwa wiki, hawakurudi kliniki kuongezewa, na wako palepale mwaka mzima, ilhali daktari angeweza kupandisha taratibu hata kufikia miligramu 20 au 25 kwa wiki kama mwili unakubali. Wagonjwa hawa wote wanasema dawa imeshindwa. Kwa maoni yetu, haijapewa nafasi.

Methotrexate humezwa mara moja kwa WIKI. Tunaandika siku yenyewe kwenye boksi kwa kalamu nene, "IJUMAA", kwa sababu anayeimeza kila siku huanza na vidonda mdomoni, kisha chembe za damu zinashuka, na anaweza kufa. Asidi ya foliki unaimeza siku nyingine, inapunguza kichefuchefu. Na tafadhali, ukiumwa mkojo au kifua usinunue Septrini kienyeji: ikikutana na methotrexate inaweza kuua uboho, sehemu ya ndani ya mfupa inayotengeneza damu. Mama anayetaka kubeba mimba aonane na daktari kwanza, dawa hii inaharibu mtoto tumboni.

Kama tumbo ndilo linalokataa, ipo methotrexate ya sindano. Wengi hawajawahi kuambiwa.

Sasa, wapo waliofanya yote hayo na viungo bado vimevimba. Hao wasibembelezwe wavumilie, maana uvimbe ukiachwa unakula mfupa na vidole vilivyopinda havirudi. Wana haki ya kuomba dawa mpya, na mara nyingi itaongezwa juu ya methotrexate, si kuiondoa.

Sindano kama adalimumab huchomwa chini ya ngozi kila baada ya wiki mbili. Inatuliza kinga ya mwili, na kinga hiyohiyo ndiyo iliyoifungia TB iliyolala kifuani. Kwa nchi yetu hili si jambo la kupuuza. Picha ya kifua na kipimo cha TB ni kabla ya sindano ya kwanza, pamoja na homa ya ini aina ya B. Ikionekana TB iliyolala, unaanza dawa za kuizuia kwanza, sindano inasubiri. Ndugu wa Muscat hatakuambia haya, kwani kwake madaktari walishampima wakamaliza.

Dawa mpya nyingine, tofacitinib, ni vidonge, haihitaji friji, kwa hiyo inavutia sana. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2012; mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya huko ikaongeza onyo kali kuhusu mshtuko wa moyo, kiharusi, saratani na damu kuganda. Onyo lilitokana na utafiti wa watu wa miaka 50 na zaidi waliokuwa tayari na hatari ya moyo. Kwa hiyo mzee mwenye presha anayevuta sigara na dada wa miaka 30 hawapimi uamuzi huu kwa mizani moja. Mkanda wa jeshi nao hutokea zaidi kwa wanaoitumia.

Suala la pesa tuseme wazi: piga hesabu ya mwaka, usipige ya sindano moja. Ulizia pia kama zipo sindano za aina hiyohiyo kutoka kampuni nyingine, huwa na bei nafuu.

Sindano inakaa friji ya nyuzi 2 hadi 8, isigande. Iliyoganda haifai hata ikiyeyuka. Hivyo iliyosafiri kwenye begi toka ng'ambo, bila kujulikana ilikaaje, hatutakuchoma. Ya kwetu hatutoi bila cheti cha daktari na majibu ya vipimo, na anayevuka kwenda Pemba tunamfungia kiboksi cha baridi, barafu upande mmoja, kitambaa kizito katikati.