Sio kila anayekukera ni kero kwa umma

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Siku hizi mtu akiongea na simu kwa sauti anaitwa kero kwa umma, anayeomba hela barabarani naye kero kwa umma, mhubiri na spika yake hivyo hivyo. Kwenye stori za kawaida sawa, lakini watu wakianza kusema eti "ashtakiwe" hapo ndo wanachanganya mambo.

Kwa nchi zilizorithi sheria ya Waingereza, mahakama haiulizi tu wewe umekereka kiasi gani, inauliza ni akina nani wameguswa. Jirani akikunyima usingizi wewe tu na miziki yake hiyo ni kero binafsi, mfungulie madai mwenyewe. Ila akiziba njia ya wote, au machimbo ya mawe yakirusha vumbi eneo zima, hiyo sasa ni ya umma, yaani kosa la kushtakiwa, na kwenye kesi ya PYA Quarries (kampuni ya machimbo) mwaka 1957 majaji wa Uingereza walisema sio lazima kila mkazi athibitishwe kuumia.

Kesi ninayoipenda ni ya 2005, zilikuwa mbili zikasikilizwa pamoja kwa majaji wa juu kabisa Uingereza. Mmoja alituma mamia ya barua za matusi ya kibaguzi kwa watu mbalimbali, mwingine alimtumia rafiki yake chumvi kwenye bahasha kama utani, ikamwagika posta, watu wakadhani ni unga wenye vijidudu vya kimeta wakatolewa nje. Wote walishtakiwa kwa kero kwa umma, na wote wakashinda! Yule wa barua kwa sababu kila barua ilimuumiza aliyeipokea na sio umma kwa pamoja, wa chumvi kwa sababu haikuthibitika alijua au alipaswa kujua kwamba itavuja. (Wa barua mimi simtetei, angeweza kushtakiwa kwa sheria nyingine.)

Halafu mwaka 2022 Bunge la Uingereza likaliandika upya kosa hilo la kero kwa umma, kifungo hadi miaka 10, na 2024 wanaharakati waliopanga kusimamisha magari kwenye M25, barabara kuu inayozunguka London, wakala miaka 4 na 5, japo mwaka uliofuata walipunguziwa. Kwa maoni yangu ni adhabu kali mno kwa maandamano, ndo maana naogopa tukilitumia hovyo neno hili.

Kwa hiyo waandishi wenu wakituambia fulani kakamatwa kwa "kero kwa umma" watuandikie pia alifanya nini, na waliodhurika ni akina nani.

Msomaji wenu