Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama wa kikundi chetu cha wakulima,

Shamba darasa la viazi liliendelea, misiba tulizikana, hesabu za benki zimekaguliwa. Hayo mnayajua.

Niingie kwenye mbolea, maana najua ndiyo iliyowaleta wengi leo. Mwezi wa saba kamati ilitoa shilingi milioni 14 kwenye mfuko wa akiba, tukanunua mifuko 170 mvua zikiwa bado mbali. Nimesemwa kwamba niliamua peke yangu. Mkutano wa Juni niliuitisha kwa ajili ya jambo hilo hilo. Tuko 64, walifika 19. Nilisubiri hadi saa nane mchana, akidi haikutimia. Kamati ikakaa, ikaamua, na muhtasari upo.

Wengine waliuliza ugomvi wa mataifa makubwa unamhusu nini mkulima wa Mbeya. Oktoba 2021 China ilianza kubana mbolea yake isitoke nje. Februari 2022 Urusi, muuzaji mkubwa wa mbolea duniani, ikaivamia Ukraine. Mnakumbuka mfuko wa DAP, mbolea ya kupandia, ulivyovuka shilingi laki moja, na wangapi kati yetu walipanda mahindi bila kitu. Ruzuku ya msimu wa 2022/2023 ilipoushusha hadi 70,000 tulipumua. Lakini ruzuku hushusha bei tu, haiharakishi meli, na tangu mwishoni mwa 2023 meli nyingi zimekwepa Bahari ya Shamu kwa mashambulizi ya Wahouthi wa Yemen, zikazunguka Afrika Kusini. Ndiyo maana kamati ilinunua mapema.

Machi 2022, Umoja wa Mataifa ulipopiga kura kuilaani Urusi, nchi yetu haikuunga mkono wala kupinga. Wapo walioona ni woga. Mimi naona asiyetengeneza mbolea ya kumtosha hana budi kuelewana na wauzaji wote. Ndiyo maana nami niligawa oda kwa wauzaji wawili, ingawa mmoja alikuwa ghali kidogo. Hilo nalo nimelaumiwa.

Na barabara yetu hii ya Tunduma, mpakani na Zambia, msidhani iko salama. Wachina wameingia mkataba wa kuifufua Tazara, reli ya Dar hadi Zambia, kwa dola bilioni 1.4, huku Marekani na Umoja wa Ulaya wanaisukuma reli ya Lobito kule Angola. Wote wanaitaka shaba ya Zambia na Kongo. Shaba ikielekea Angola, malori yatapungua hapa, na nauli ya mzigo wetu kutoka Dar itabadilika. Nililieleza hili mwaka jana pia, wachache wakasikiliza.

Kinachoniuma ni hiki: mifuko 139 imechukuliwa, lakini waliolipa ni 22 tu. Mifuko 31 bado iko stoo. Ada ya mwaka wamelipa 27. Akiba niliyoitunza miaka sita, tangu mnichague, haiwezi kujirudisha yenyewe.

Mwakani tunatumaini kupata stoo kubwa zaidi, na Mungu akijalia, kuuza viazi kwa pamoja. Mweka hazina yuko pale mlangoni na daftari la madeni. Naomba kila mmoja apite kwake kabla ya chakula.