Barua kwa mwanangu: Oto simtoi kupandisha

Assalaam aleikum mwanangu,

Mie mzima alhamdulillahi, wadogo zako wazima, na Oto, mbwa wetu, pia mzima ukiacha lile la miguu ambalo ntalieleza huko mbele. Voisi yako ya juzi, ya kutaka nimtoe Oto akapandishe jike la mtu, nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza nikacheka, ya pili nikakasirika, ya tatu ndo nikakaa kitako nikafikiri. Naandika kwa sababu nikikupigia utanikatiza, na isitoshe mambo haya ya jike na dume siwezi kuyasema kwa sauti hapa barazani na shangazi yako yuko ubavuni anashona kofia, masikio kayatega.

Kwanza baba, mbona umempa mtu neno kabla hujaniuliza? Yule bwana wa Fumba mwenye jike kaja Jumapili na gari yake, ananambia "mama, mwanao keshakubali, nnamchukua siku tatu tu namrejesha". Laki tatu kaziweka mkononi, na mtoto mmoja tuchague wenyewe wakizaliwa. Akanionesha picha ya jike lake kwenye simu, jike zuri wallahi, mbwa wa aina ya jamani shepadi kama Oto, mgongo mweusi unang'ara. Anasema limeanza kutoa damu Jumamosi. Nimemuuliza daktari wa mifugo kanambia jike joto lake hukaa kama wiki tatu lakini kukubali dume ni pale katikati, kama siku ya tisa mpaka ya kumi na tano hivi, ikimpita hapo asubiri tena kama miezi sita. Ndo maana simu yake hainyamazi. Haraka ni yake, si yangu.

Na desturi ni jike ndo linalopelekwa kwa dume, maana dume ukimpeleka ugenini anaanza kunusa kuta badala ya kazi aliyoitiwa. Nikamwambia basi mlete hapa, akaguna. Hapo na mie nikajistukia, kwani hapa petu pana faragha gani? Wakishashikana hawaachani, dakika tano, nusu saa, wakati mwengine zaidi, na huruhusiwi kuwavuta unawaumiza. Sasa piga picha watoto wanatoka chuo cha Kurani saa ile, wameona mbwa wamegandana. Si mawe hayo? We mwenyewe ulikuwa mmoja wao usijifanye umesahau.

Haya, tuje kwenye laki tatu. Usinambie "mama hii biashara tu", umekaa chuo cha Kurani miaka chungu nzima. Mtume s.a.w. kakataza ujira wa dume la kupandisha, hadithi kaipokea Ibn Umar, na wala si mbwa peke yake, hata ngamia, hata beberu. Babu yako alikuwa na beberu jeupe la ndevu, watu wanaleta mbuzi wao toka vijiji vya mbali, anawaachia bure, mtu akirudi baadae na kikapu cha muhogo anapokea kama zawadi lakini bei haitamki. Na thamani ya mbwa nayo imekatazwa, sisi wa madhehebu ya Shafii hatuuzi mbwa, sasa huyo mtoto wa kuchagua ungemfanya nini? Mie Oto nimemkubali kwa ulinzi, baada ya kuibiwa ile pampu ya maji, na ulinzi ruhusa ipo. Yeye banda lake nje, mie nyumba yangu ndani, akinilamba nakosha mara saba, moja katika hizo kwa udongo, ile ndoo ya udongo iko pale pale pembeni ya bomba.

Utanambia, basi mama mpe bure kama babu. Nilifika hapo na mie, nikakaribia kusema sawa. Kilichonirudisha ni msasi.

Mjomba wako kaja na rafiki yake mmoja anayesaka nguruwe na mbwa kule maweni, muhogo wa mjomba wako umechimbuliwa nusu shamba, na huyo naye kaja kumuomba Oto kwa jike lake la kienyeji, bila pesa, anataka mbwa wenye kifua. Kakaa pale juu ya jiwe anamuangalia Oto anatembea, hasemi kitu. Mwisho kanambia, "Bi mkubwa, mbwa huyu mbele simba, nyuma hana kitu". Akashukuru akaondoka, hata chai hakumaliza.

Toka siku ile macho yangu yako kwenye miguu tu. Asubuhi kabla jua halijashika, Oto akiamka anasimama mbele kwanza halafu nyuma anaivuta kama mtu alokalia mguu ukafa ganzi. Na zile ngazi mbili za baraza hapandi mguu mmoja mmoja, anaruka yote miwili ya nyuma kwa pamoja kama sungura. Mie miezi yote hii nikidhani ni michezo yake! Daktari alipokuja kumchoma chanjo ya kichaa nikamwambia, akamlaza ubavu, akaunyoosha mguu wa nyuma polepole, na Oto ambae hata bakuli la wali na dagaa ukimpokonya hasemi, akanguruma. Kasema ni nyonga, kile kichwa cha mfupa hakikai sawa kwenye shimo lake, jamani shepadi wanao sana ugonjwa huu na unarithiwa. Kuthibitisha mpaka eksirei, na mbwa wa kupandisha kwa kawaida husubiriwa afike miaka miwili ndo hupigwa picha nyonga zake zijulikane. Oto ana miaka miwili na nusu na hajapigwa hata moja. Tena kazi yenyewe hiyo unayomtuma inafanywa kwa kusimamia miguu ya nyuma, hebu fikiri.

Bwana wa Fumba nilimwambia haya yote. Kanijibu, "mama, mtoto atakuwa mkubwa mwenyewe atapona". Nikamuuliza jike lake limepimwa ugonjwa wa brusela, maana huo huambukizana kwa kupandana, jike likatupa mimba, na hata mtu humpata, na kuna ule uvimbe wa sehemu za siri wa mbwa wanaozurura nao hupita njia hiyo hiyo. Akacheka. Mtu akicheka swali la afya ya mnyama wake simuelewi.

Na jamani shepadi hazai mmoja mwanangu, hubeba miezi miwili na siku chache halafu unaweza kuletewa wanane. Yeye atachukua wawili wa kulinda nyumba, sisi mmoja, watano waende wapi? Ufukweni wamejaa, wengine mabwana zao wa hoteli walihama wakawaacha kama Oto alivyoachwa. We si ndo uliyemkuta kafungwa kwenye mnazi hana maji? Ulinililia siku ile kwenye simu na umri wako wote ule.

Basi jibu langu ni hapana, na pesa zake nshazirudisha, kazifunga shangazi yako kwenye bahasha ya kadi ya harusi maana ndo bahasha iliyokuwepo. Lakini neno umempa weye, kwa hiyo utampigia weye. Anasema atakuja Alhamisi baada ya laasiri, mpigie kabla. Umwambie nyonga, usimwambie "mama kakataa", sitaki anione mie mshamba nisiyependa maendeleo.

Ukija usisahau zile dawa za kupe, hapa duka la mifugo zimeisha. Na kama kuna mtu anakuja na boti umpe lile godoro dogo la zamani, daktari kasema Oto asilale kwenye saruji.

Mamako