Zimebaki gramu mia nne: nimgeuze au ninunue kiti kingine cha gari cha mtoto?

Shikamoo Shangazi,

Binti yangu ana miaka miwili na miezi miwili. Juzi kliniki wamemwandikia kilo 12.6, na nyumbani nimempima ukutani, sentimita 88. Naanza na namba hizi kwa sababu ndizo zinazoninyima usingizi.

Kiti chake cha gari kina ile stika ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara na namba 44.04, yaani kanuni ya zamani ya usalama wa viti vya watoto, inayofuata kilo. Maelekezo yake yanasema anatazama nyuma mpaka kilo 13, kisha anageuzwa kutazama mbele mpaka kilo 18. Zimebaki gramu mia nne, na huyu mtoto anakula ugali kama fundi wa zege!

Baba yake angekuwa ameshamgeuza tangu Idi. Anasema miguu imejikunja, mtoto anateseka. Mtoto mwenyewe amekunja magoti kama chura na anaimba, hana habari. Ninavyoelewa, cha kuangalia ni kichwa kisivuke ukingo wa juu wa kiti, siyo miguu. Kichwa cha umri huu ni kizito na shingo haijakomaa. Gari likigonga kwa mbele, kiti kilichogeuzwa nyuma kinapokea mgongo, shingo na kichwa kwa pamoja.

Mama mkwe yeye hataki kiti chochote. "Nimelea saba, wote nimewapakata." Mwezi uliopita alimpakata kweli, daladala ikatuchomekea Kimara, mume wangu akakanyaga breki. Mtoto alichomoka mikononi akagonga paji la uso kwenye kiti cha mbele. Alipata nundu tu, alhamdulillahi. Siku ile bibi alinyamaza, lakini wiki hii ameanza tena.

Wifi yangu aliyeko Leicester, Uingereza, yuko tayari kuninunulia kiti cha kanuni mpya ya R129, kile kinachofuata urefu badala ya kilo, ambacho angetazama nyuma mpaka sentimita 105. Ila alichokipenda kinachomekwa kwenye vyuma vya isofiksi, vile vinavyojificha kwenye maungio ya kiti cha gari. Gari letu ni Toyota IST ya 2004. Nimepapasa kote kwenye maungio ya kiti cha nyuma nikaambulia makombo ya biskuti na sarafu ya mia mbili. Kwetu lazima kifungwe kwa mkanda wa gari, tena pembeni, maana wa katikati ni wa kiunoni tu. Mbele hapafai, pana mfuko wa hewa (airbag) unaofumuka gari likigonga.

Kariakoo nimeona vya kilo 9 mpaka 36 kwa laki mbili na nusu. Vyote vinatazama mbele, na vingine havina stika hata moja. Ilala kuna cha mtumba kizuri, elfu themanini, lakini muuzaji hajui kama kiliwahi kupata ajali, na mimi kwa macho nitajuaje?

Sasa nina mimba ya miezi mitano. Nikipata kiti kingine, hiki cha sasa atarithi mdogo wake. Je, nimwombe wifi atafute cha kufungwa kwa mkanda, ingawa kukisafirisha kutakula karibu bei yake? Au nimgeuze tu akifika kilo 13, hela ikae kwa ajili ya uzazi?

Na mama mkwe nimwambieje bila kumvunjia heshima? Mwisho wa mwezi tunakwenda naye Tanga, na ameshasema atakaa nyuma na mjukuu wake.

Mama Nasra,
Kimara, Dar es Salaam