Ganda moja, bunduki mbili: kwa nini linaingia huku na kukwama kule

Mzee mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, aliingia karakanani kwetu Ilala na kopo la Blue Band, akalimimina mezani. Maganda matupu ya risasi za .30-06, shaba imeshaanza kufifia kwa unyevu wa Dar. "Fundi, kijana wangu kule Marekani anayajaza tena mwenyewe. Na wewe nijazie haya."

Tulimjibu kama tunavyowajibu wote: sisi ni watu wa ukarabati. Kutengeneza risasi, hata kwa kujaza ganda kuukuu, ni shughuli nyingine kabisa mbele ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kibali cha kazi hiyo hatuna.

Mzee akampigia kijana palepale ili tubishane naye. Badala ya ubishi, kijana akatuletea swali. Ana bunduki ya bolti (kile chuma kinachosukuma risasi ndani na kuifungia) ya kuvuta kwa mkono, na ana M1 Garand, ile nusu otomatiki ambayo jeshi la Marekani liliipitisha mwaka 1936. Zote .30-06. Maganda anayabana kwa dai moja, yaani kalibu ya chuma inayolirudisha ganda kwenye umbo lake, mpangilio uleule. Kwenye ya mkono risasi zinaingia, kwenye Garand bolti inasimama kabla ya kufika mwisho, naye huisukuma kwa kiganja mpaka ifunge.

Tukamwambia kiganja hicho akiondoe kwanza, maelezo baadaye.

Risasi ikilia, ganda hutanuka mpaka linagusa kuta za chemba, pale risasi inapokaa ndani ya mtutu, kisha hujirudi kidogo tu. Ndiyo maana kabla ya kujazwa tena linabanwa kwenye dai: tumbo lipungue, na bega, pale linapoanza kusinyaa kuelekea shingoni, lirudi nyuma kiasi. Kazi yote iko kwenye hicho "kiasi". Bunduki ya bolti inasamehe, kwa sababu mkono wako una nguvu na mwenzo wa bolti huisukuma risasi iliyobana mpaka ikae. Nusu otomatiki inategemea springi peke yake. Bega likizidi urefu, bolti haifungi sawasawa. Na Garand ina jambo jingine: pini yake ya kupigia risasi haina springi ya kuizuia, inaelea. Bolti ikija kwa kasi, pini hugusa praima, kile kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti, kidogo kila mara. Praima ikiwa imechomoza au ni laini mno, risasi inaweza kulia bila mtu kugusa triga, na pengine bolti haijafunga.

.30-06 imewekewa kikomo cha presha cha psi 60,000. Tairi la gari dogo unalijaza psi 30 hivi pale petroli stesheni. Ganda la shaba haliwezi kuzuia presha ya namna ile likiwa halijashikwa na chemba pande zote.

Basi kijana akauliza, si nibane tu mpaka mwisho? Hapana. Bega likirudishwa nyuma mno, ganda linapata nafasi ya kunyooka kila linapopigwa, na linanyooka palepale, juu kidogo ya kitako. Baada ya kujazwa mara chache unaona mstari unaong'aa umelizunguka, kisha siku moja kitako kinatoka na mwili unabaki chembani.

Kipimo ambacho wajazaji wengi hukifuata kwa nusu otomatiki ni kurudisha bega inchi 0.003 hadi 0.004 kutoka lilipokuwa baada ya kupigwa. Kwa ya mkono, 0.001 hadi 0.002 hutosha. Inchi 0.004 ni unene wa karatasi moja ya fotokopi, kwa hiyo jicho halikusaidii. Unahitaji venia, kile kipimo cha taya mbili, yenye kifaa cha kushika bega, na praima ya zamani uitoe kabla ya kupima maana ikichomoza inakudanganya. Ukishabana, pima na urefu wote: .30-06 haitakiwi kupita milimita 63.35, vinginevyo shingo inakwenda kukibana kichwa cha risasi chembani na presha inapanda. Praima mpya nayo izame kidogo chini ya kitako. Papasa kwa kidole, kila moja. (Mafuta ya kubania yawe haba. Yakijaa begani yanaacha vibonyeo.)

Wakati kijana anaandika hayo, fundi wetu alikuwa ameokota ganda moja la mzee, akakunja ncha ya waya mwembamba na kuupitisha ndani, ukikwaruza ukuta kutoka kitakoni kwenda juu. Ukanasa: hapo ukuta umekonda kwa kunyooka. Akachukua la pili, ukanasa tena mahali palepale.

Haya hayakuwahi kujazwa. Ni risasi za kiwandani, zimepigwa mara moja. Ganda jipya likinyooka namna hiyo, wa kuulizwa ni chemba. Tukamwomba mzee arudi na bunduki, tupu, pamoja na leseni yake.

Kupima urefu wa chemba tunatumia geji mbili za chuma: ya kwanza bolti inatakiwa kuifunga, ya pili inatakiwa kuikataa. Bolti ya mzee ilizifunga zote mbili, kwa ulaini kabisa, yaani chemba imezidi urefu. Bunduki iko kwetu, na msimu huu haendi nayo porini. Nawe ukija kufanyiwa ukaguzi, usitupe maganda yako: leta matano ya mwisho uliyopiga, hata kwenye kopo la Blue Band.